Bethdei ya mtoto nyumbani kwa laki mbili, watu washibe na mtoto akumbuke

Ukisikiliza watu wanavyopanga bethdei siku hizi hapa Dar, kitu cha kwanza kutajwa ni mapambo. Rangi gani, pazia la nyuma la kupigia picha liweje, maputo yapangwe kama upinde au yatawanywe, mpambaji anachukua shilingi ngapi. Chakula kinakuja baadaye, na mtoto mwenyewe anakuja mwisho kabisa, kama mgeni tu kwenye shughuli yake. Mimi nasema geuza huo mpangilio kichwa chini, na hapo ndo utashangaa kumbe laki mbili inafanya kazi nzuri tu kama uko tayari kupikia nyumbani na una ndugu wawili watatu wasioogopa moshi.

Nazungumzia bethdei ya mtoto wa miaka mitano mpaka kumi hivi, nyumbani, uani au mbele ya nyumba, watu kama 35 na wengi wao watoto. Ya mtu mzima ina mambo yake, ila mengi utaweza kuyachukua humu.

Anza na saa. Watu wanarukia tarehe lakini saa ndo inayoamua utatumia hela kiasi gani. Ukiita watu saa 7 mchana umewaita kwenye msosi, watakuja na njaa zao kamili na hutakwepa sahani iliyojaa, nyama, mboga, matunda, maji ya kunywa, vyote. Ukiita saa 10 jioni kila mtu kashakula kwake, kwa hiyo sahani ya kiasi na glasi mbili za juisi zinatosha na hakuna atakayenuna. Halafu jua la saa 11 ni zuri sana kwa picha, halichomi na halitii vivuli vya ajabu usoni, hata simu ya kawaida inatoa picha safi. Na giza la Dar linaingia kati ya saa 12 na saa 1, wazazi wenyewe wanaanza kuita watoto wao, shughuli inaisha bila wewe kufukuza mtu. Masaa mawili na nusu yanamtosha mtoto. Ukivuta mpaka usiku unaingia kwenye bia za watu wazima na hapo bajeti yako imekwisha habari yake.

Tarehe usiishikie bango. Bethdei ikiangukia Jumatano, sogeza Jumamosi au Jumapili inayofuata, mtoto hajali. Kama imeangukia katikati ya mwezi na mfuko umetoboka, subiri mwisho wa mwezi. Wale wa Januari poleni, ada na sare zimekula kila kitu, nyie mnaweza kukata keki ndogo ya familia siku yenyewe na shughuli mkafanya Februari. Wa Machi mpaka Mei mna masika, msitegemee uwanja bila turubai au baraza la kukimbilia. Angalia na Ramadhani, inarudi nyuma kama siku 10 au 11 kila mwaka, ikigongana na bethdei yako basi ifanye iwe futari au ngoja mpaka baada ya Idi. Na kama utaziba njia au utaweka turubai barabarani, nenda serikali ya mtaa mapema ukaombe ruhusa, na waambie majirani wa ukutani kwamba kutakuwa na muziki mpaka saa fulani. Jirani aliyeambiwa anavumilia, asiyeambiwa anakuja kugonga geti wakati mnaimba.

Sasa wageni. Uswahilini ukialika watoto 15 watakuja 25, hilo halina mjadala. Kuna wadogo zao wanaobebwa mgongoni, kuna wale waliosikia muziki, kuna watoto wa mpangaji mpya ambaye hujui hata jina lake. Usiweke mtu mlangoni wa kuhesabu vichwa, ni aibu na hao watoto kesho wanacheza na mwanao. Pika kwa kujua watakuja. Orodha yako iandike ya watoto kwanza, kisha watu wazima wachache ambao watashika kazi, sio wa kukaa tu na kukunja nne.

Laki mbili mimi ningeigawa hivi: elfu 90 chakula, elfu 20 vinywaji, elfu 40 keki, elfu 15 mapambo, elfu 15 michezo na vizawadi, na elfu 20 inakaa pembeni haiguswi mpaka siku yenyewe, maana lazima kuna kitu kitaisha, gesi, umeme wa LUKU, barafu, vikombe. Bei zinapanda na kushuka kwa hiyo kabla hujaandika chochote pita sokoni uulize, usipange kwa bei ya mwaka juzi. Nunua vitu vikavu mapema, mchele, mafuta, viungo, sukari, vibaki nyama na vya kuoza tu.

Kwenye chakula watu wengi wanadhani bites ni rahisi kuliko pilau. Sio kweli. Sambusa za watu 35, angalau tatu tatu kila mtu, ni zaidi ya mia moja, piga hesabu ya nyama, manda, mafuta ya kukaangia na mtu wa kukaa kuzikunja tangu asubuhi, na bado watoto wanakula mbili wanaanza kuuliza wali uko wapi. Pilau linashibisha, linapikwa sufuria moja na mtu mmoja anayejua. Kilo moja ya mchele inatosha watu wazima 8 hivi, watoto hata 10, kwa hiyo kilo 4 zinakuvusha na wale wasioalikwa. Nyama kilo 2, kata vipande vidogo kuliko unavyokata siku zote ili kila mtoto apate, na ongeza viazi mbatata vingi, watoto wengine wanavipenda viazi vya pilau kuliko hiyo nyama. Rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu, kikaange mpaka kiwe kahawia kweli, usiwe na haraka, halafu pilipili usitie ndani kabisa, tengeneza kachumbari mbili, moja ya watoto na moja ya watu wazima. Na uliza wazazi mapema kama kuna mtoto asiyekula kitu fulani, karanga au mayai, unaweza kudhani ni kudeka kumbe ni mzio.

Kupakua, tumia masinia. Watoto sita saba wanazunguka sinia moja mkekani, wamenawa mikono kwenye ndoo ya koki, wanakula huku wanacheka na kusukumana. Huhitaji sahani 35 wala vijiko, huoshi vyombo usiku kucha, na kusema ukweli watoto wanachangamka zaidi hivyo kuliko kukalishwa kwenye viti vilivyofungwa utepe. Watu wazima wapewe sahani zao.

Vinywaji, kreti moja ya soda ina chupa 24 tu, haiwatoshi, na watoto wakiona kuna soda hakuna atakayegusa juisi. Kwa hiyo soda acha kabisa. Tengeneza ndoo ya lita 20 ya juisi ya ukwaju au rozela, ukwaju kilo 2 hivi, uloweke usiku, chuja vizuri, sukari tia kidogo kidogo huku unaonja. Lita 20 ni glasi kama 80, yaani kila mtu mbili na akiba ipo. Barafu chukua kwa jirani mwenye friza, uiweke kwenye mfuko nje ya ndoo ya juisi kama huna uhakika na maji yake.

Keki ndo watu wanapoibiwa mchana kweupe. Keki za Dar zinauzwa kwa kilo, na kilichomo kwenye bei kikubwa sio unga na mayai, ni urembo. Ile fondanti ngumu yenye midoli juu inaongeza bei na watoto wanaibandua wanaitupa. Agiza keki ndogo ya krimu, kilo moja, jina lake juu na rangi anayoipenda, hiyo ndo ya kupigia picha, kukata na kulishana. Halafu za kula watu, oka nyumbani trei mbili za keki kavu ya kawaida, ukate vipande jikoni wala isionekane mezani. Huna oveni? Jiko la mkaa, sufuria nzito yenye mchanga chini, mkaa kidogo juu ya mfuniko, mbona mama zetu walitulea na hizo. Siri ni moto wa chini uwe mdogo kuliko wa juu.

Mapambo nitasema haraka. Maputo pakiti mbili na utepe utapata Kariakoo kwa bei ya jumla hata ukinunua kidogo, mitaa ya Congo na jirani yake, nenda asubuhi siku ya kazi, Jumamosi utakanyagwa. Pazia la nyuma tumia khanga au vitenge viwili vya rangi zinazoendana, pasi safi, pini kwenye kamba. Ila soma jina la khanga kabla hujaitundika, usije ukamning'inizia wifi yako kijembe kwenye picha zote za bethdei ya mtoto. Puto likipasuka okota vipande, vitoto vidogo vinaweka mdomoni.

Hapa sasa ndo pa kutulia, kwa sababu chakula kizuri watu watashukuru lakini mtoto hatakikumbuka. Mtoto anakumbuka kitu kimoja. Sio kumi, kimoja, na kiwe kinamhusu yeye tu na si mtoto mwingine yeyote. Wiki mbili kabla, watumie ujumbe ndugu walio mbali, bibi yuko Tanga, mjomba Mwanza, shangazi yuko Muscat, kila mmoja arekodi sauti ya nusu dakika kwenye WhatsApp akimwambia mtoto kitu anachokikumbuka kuhusu yeye, siku aliyozaliwa mvua ilikuwa inanyesha au umeme ulikatika, alivyokuwa akikataa uji, jina lake lilivyopatikana. Siku ya shughuli kabla ya keki zima muziki, zicheze kwenye spika mfululizo. Haikugharimu kitu zaidi ya bando. Angalia uso wa mtoto anaposikia bibi yake anatoka kwenye spika kubwa mbele ya marafiki zake wote.

Au kama bibi au babu yupo pale pale, mpe kiti na dakika tano asimulie siku ile mtoto alipozaliwa. Muombe kabla ili ajiandae, na mwambie dakika tano kwa sababu unamjua babu. Au chapa picha za zamani za mtoto, moja kwa kila mwaka, zitundike kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, wenzake watazizunguka wakicheka alivyokuwa hana meno. Chagua moja kati ya haya ulifanye vizuri.

Michezo usikodi lile jumba la upepo la kurukia. Rede, kombolela, kuvuta kamba, mbio za ndimu kwenye kijiko, kiti cha muziki, mtoe kaka au binamu mmoja mwenye sauti na uvumilivu awe mwamuzi, na mpe hiyo kazi rasmi asije akazamia kwenye simu. Zawadi ziwe penseli, madaftari, pipi. Vizawadi vya kuondokea funga kwenye karatasi za khaki, ile mifuko ya plastiki si ilipigwa marufuku tangu Juni 2019.

Kuhusu kumwagiana maji. Bila maji wengine wanaona hakuna bethdei, sawa, lakini yafanyike mwisho baada ya picha na keki, simu zikae ndani, na iwe uani sio kwenye makochi. Mayai na unga hapana. Yai la kumpasulia mtoto kichwani ni yai ambalo lingekuwa kwenye keki, na harufu yake haitoki kwenye nywele siku tatu. Mtoto mwoga wa maji muulize kwanza, asije akalia kwenye siku yake.

Ndugu wakiuliza wasaidie nini, na watauliza, usitaje hela. Watu wamechoka michango ya harusi na sendoff, ukisema changa elfu 10 anapotea wiki nzima. Taja kitu. Dada lete mikeka miwili na masinia, shemeji ile spika yako, mama mdogo njoo saa 4 asubuhi ushike pilau, rafiki mwenye simu yenye kamera nzuri wewe ni mpiga picha. Kitu kinatajika, kinakumbukwa, na mtu akikileta anajiona ana sehemu kwenye shughuli. Viti vya plastiki kodi vichache tu vya wazee.

Siku yenyewe: pilau likae tayari saa 9, watoto waanze kucheza saa 10 kwa sababu wa kwanza watafika saa 10 na wa mwisho saa 11, kula saa 11 kasoro, sauti za ndugu na keki saa 11 na nusu wakati mwanga bado upo, maji saa 12. Spika ichajiwe usiku wa kuamkia, LUKU iwe na uniti, nyimbo zipakuliwe kabisa kwenye simu usitegemee mtandao.

Vyombo vya kuazima viandike kwenye karatasi, masinia mangapi na ya nani, mikeka ya nani, kisha vihesabu kabla watu hawajatawanyika, na virudi usiku ule ule vikiwa vimeoshwa na bakuli la pilau juu yake, maana mwezi ujao kuna shughuli nyingine na utayahitaji tena hayo masinia.