Kutafuta msaada wa mzee wako Mombasa, na wako wewe unayemlea

Wengi wanaonijia wameshaandika "shirika la wazee Mombasa" kwenye simu, wakapata majina mawili matatu ya Nairobi, wakakata tamaa. Msaada upo, ila mwingi haukuandikwa "wazee" mlangoni. Uko kwenye ofisi za serikali, hospitalini, misikitini, makanisani, na kwenye vikundi vya mitaani visivyo na ukurasa wowote kwenye intaneti. Nafanya kazi ya ustawi wa jamii hapa mjini, na njia ninayowapitisha walezi ni hii.

Hatua ya 1: Taja shida, si uzee

Ukisema "mama amezeeka, naomba msaada", afisa hana pa kuanzia. Sema: "Mama ana miaka 74, hawezi kuinuka kitandani peke yake, dawa za presha zimekwisha tangu wiki jana." Hapo anajua akupeleke wapi.

Chukua karatasi, ugawanye mara mbili. Upande mmoja shida za mzee, upande wa pili zako: usingizi, mgongo unaouma kwa kumgeuza, biashara uliyoifunga, mtu wa kukushikia zamu nawe upumue. Walezi wengi, hasa mabinti na wakamwana, huuacha upande wa pili mtupu. Wanaona kuutaja uchovu ni kukosa radhi za mzazi. Nawaomba sana waujaze, kwa sababu mlezi akianguka, wagonjwa huwa wawili.

Hatua ya 2: Karatasi

Kitambulisho cha mzee na chako, nakala za vyote viwili, na kadi za kliniki. Linganisha majina. Kitambulisho kikisema Mwanaisha na kadi ikasema Mwanaesha, anza kurekebisha mapema, maana herufi moja huweza kukurudisha nyumbani mikono mitupu.

Hatua ya 3: Anza na walio karibu

Nenda zahanati ya mtaani uulize mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lenu ni nani. Tangu 2023 wahudumu hawa wamepewa vifaa vya kupima presha na sukari nyumba kwa nyumba, na kila mmoja hushika takriban nyumba 100. Anaweza kumwona mzee asiyeweza kupanda matatu, na mara nyingi anajua ni jirani gani mwingine anauguza. Kisha mwone mzee wa mtaa, akufikishe kwa chifu. Barua ya chifu huhitajika katika ofisi nyingi, kwa hiyo iombe mara moja.

Msikitini na kanisani pia nenda na ombi dogo, la wazi. Kamati za zaka na jumuiya ndogo ndogo hutoa zaidi zikiambiwa "nepi za watu wazima za mwezi mmoja" kuliko "msaada". Na usingoje Ramadhani au Krismasi. Wakati huo wenye haja wamejaa mlangoni.

Hatua ya 4: Ofisi ya maendeleo ya jamii

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, nami naiona kuwa ndiyo mama wa zote. Kila kaunti ndogo ina afisa wake: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Nenda kwenye ile ambako mzee anaishi, hata kama wewe unakaa kwingine.

Kwanza uliza Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa fedha wazee na wengine wenye uhitaji. Mzee wa miaka 70 au zaidi asiyepata pensheni anaweza kupewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Usajili hufunguliwa kwa awamu, kwa hiyo uliza awamu ijayo, uache jina na nambari ya simu. Mzee akiwa hawezi kutembea, hakikisha jina la mlezi limeandikwa pamoja na lake.

Pili, uliza daftari la vikundi. Vikundi vya kijamii husajiliwa kupitia ofisi hii chini ya sheria ya mwaka 2022, na ndiyo maana afisa anajua vikundi ambavyo simu yako haitakuonyesha kamwe. Uliza hivi: "Wadi yetu ina kikundi gani cha wazee au cha wanaouguza wazee, na mwenyekiti wake ni nani?" Ukipewa jina, nenda ukae nao mkutano mmoja kabla hujaomba chochote.

Hatua ya 5: Fuata ugonjwa

Msajili mzee SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, kwa kubonyeza *147#. Mamlaka hii ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya zamani, Oktoba 2024.

Saratani au maradhi yasiyo na tiba: ulizia Coast Hospice. Kazi ya hospisi ni kutuliza maumivu na kumfundisha mlezi namna ya kuuguza. Kwa mzee aliyepooza au asiyeona, kuna Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Humsajili baada ya tathmini ya hospitali, na hapo ndipo unapoombea kiti cha magurudumu.

Kwa maradhi ya kusahau, wasiliana na Alzheimer's and Dementia Organisation Kenya. Makao yao ni Nairobi, lakini walezi ni sehemu ya kazi yao. Nasisitiza hili kwa uchungu. Hapa Pwani, hasa Kilifi, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Mzee anayezurura usiku au kuongea peke yake anahitaji daktari, na majirani wanahitaji kuambiwa mapema kwamba ni ugonjwa.

Hatua ya 6: Kabla ya kuacha nakala yoyote

Uliza shirika limesajiliwa wapi, linafanya nini hasa katika wadi yenu, na mlezi anapata nini. Anayedai "pesa ya fomu" ya Inua Jamii ni tapeli. Nambari ya siri ya mzee haitajwi kwa mtu.

Mzee akidhulumiwa

Kifungu cha 57 cha Katiba kinampa haki ya kuishi kwa heshima bila kunyanyaswa. Akipigwa, akinyimwa chakula au akilazimishwa kutia sahihi hati ya shamba, piga 1195 bila malipo, simu ya msaada kwa ukatili wa kijinsia, au nenda dawati la jinsia kituo cha polisi. Mashirika ya haki za binadamu na msaada wa kisheria, Haki Africa, Muhuri na Kituo cha Sheria, yana ofisi Mombasa. Wanawake waende pia FIDA, chama cha mawakili wanawake.

Kama wadi haina kikundi

Rudi kwa afisa yule yule umuulize masharti ya kusajili kipya. Mhudumu wa afya atakuonyesha nyumba zenye wanaouguza. Anzeni na kushikiana zamu: leo nakaa na babu yako uende sokoni, Alhamisi unakaa na mama yangu niende kliniki. Pesa za chama zifuate baadaye.