Skrini Nyeusi Baada ya Kuweka Linux: Anzia Kwenye Menyu ya GRUB

Laptopu nyingi ninazotengeneza hapa Lamu ni za mtumba. Mtu ameweka Ubuntu au Linux Mint, akawasha, nembo ikatokea, kisha giza. Tafadhali usifute diski. Mara nyingi mfumo ni mzima, ila kerneli (kiini cha mfumo) na kadi ya picha havijapatana.

1. Ita menyu ya GRUB, programu ndogo inayoiwasha Linux. Zima kabisa, uwashe. Mashine ya UEFI (mfumo mpya wa kuwashia kompyuta) gonga Esc nembo ya mtengenezaji inapotoweka. Ya BIOS (mfumo wa zamani) shikilia Shift. Ukijikuta kwenye `grub>`, andika `normal`, bonyeza Enter, kisha Esc mara moja.

2. Ifanye mashine iseme. Kwenye chaguo la kwanza bonyeza `e`, si Enter. Tafuta mstari unaoanza na `linux`. Mwishoni utaona `quiet splash`: yafute maneno hayo mawili, kisha F10 au Ctrl+X. Yalikuwa yanaficha ujumbe wa kerneli; sasa maandishi yatamiminika. Piga picha mistari ya mwisho kwa simu. Hatua hii wengi huiruka, nami naithamini kuliko zote, kwani bila mistari hiyo unabahatisha tu. Tena ukiwa Faza au Kizingitini, fundi aliye Lamu mjini anaweza kukuelekeza kwa picha hiyo, usipande boti bure.

3. Jaribu chaguo linalolingana na ujumbe.

Umekwama kwenye `nouveau`, `amdgpu` au `i915`, yaani viendeshi (driver) vya kadi ya picha? Rudi kwenye `e`, uongeze `nomodeset` mwisho wa mstari uleule, ukiacha nafasi moja kabla yake. Kerneli haitatumia kiendeshi cha picha kupanga skrini.

Ujumbe unataja mfumo wa faili, hasa baada ya stima kukatika ghafla? Weka `fsck.mode=force`. Ukiona `I/O error` zikijirudia, acha kujaribu; okoa faili zako kwanza kwa flashi ya Linux.

4. Ikiwaka, tibu chanzo. Ulichoandika kwenye `e` hudumu kwa uwashaji huo mmoja tu, kwa hiyo jaribu bila hofu. Sipendi `nomodeset` iachwe daima, maana picha huwa nzito na skrini hupoteza ukali. Kama kadi ni ya Nvidia, sakinisha kiendeshi chake, uwashe upya bila neno hilo. Ikishindikana kabisa, ndipo uliongeze kwenye `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT` ndani ya `/etc/default/grub`, kisha uandike `sudo update-grub` kwenye terminal.

Secure Boot (ulinzi unaokataa programu zisizo na saini inayoaminika) ikiwa imewashwa, baada ya kusakinisha kiendeshi na kuwasha upya itatokea skrini ya buluu. Usiipite: chagua `Enroll MOK` (kusajili ufunguo wa saini), uweke nenosiri ulilotunga wakati wa kusakinisha. Ukiipita, kiendeshi hakitapakiwa.