Mpira usimfikie mrushaji kwanza

Nimelipata hili Jumamosi hapa Tanga, kwenye mechi ya kikapu tuliyochezesha waamuzi wawili. Mwenzako akikosea upande wa mpira uliotoka nje, nawe umeona kwa yakini nani ameugusa mwisho, usionyeshe mkono upande wa pili. Zuia mpira usimfikie mrushaji, yaani mchezaji anayeurudisha uwanjani. Ukiwa mkononi mwa mwenzako, piga filimbi fupi umwendee kwa mwendo wa kawaida, umwambie: "Kaka, bluu ameugusa mwisho, nimeona vidole." Halafu nyamaza. Akikubali, abadilishe ishara yeye mwenyewe.

Kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, hazimpi mwamuzi mamlaka ya kufuta uamuzi wa mwenzake, ila kumpa taarifa hakuna ubaya. Na mpira ukiwa haujafika kwa mrushaji bado umekufa, yaani mchezo umesimama, hakuna kilichochezwa cha kufutwa. Mabenchi nayo yanaona waamuzi wanashauriana, hayaoni ugomvi (ingawa makocha wa kwetu watapiga kelele vyovyote vile).

Mbinu hii haifai mpira ukishakabidhiwa kwa mrushaji: sekunde 5 zake za kurusha zinahesabiwa, acha mchezo uende, mtazungumza mapumziko. Wala usiijaribu kwenye faulo ya kugusana iliyotokea mbele ya macho yake, wewe uko mbali unaona migongo tu. Kosa la mwamuzi kwenye mitupo huru, mfano kumpa asiyestahili, lina utaratibu wake wa kusahihishwa, kwa hilo mwite mwenzako hata kama saa imeshatembea, ila wahi.