Bangili za vimpira: anza na penseli mbili, ubao baadaye

Usinunue kwanza ubao wa kufumia, ule wenye vigingi vya kutandikia vimpira. Nasema hivi nami ninauza ubao huohuo kibandani kwangu Ngamiani, Tanga, kati ya pini za nywele na shanga, kwa hiyo niamini. Mtoto anayeanza na ubao hutandika vimpira vyake kwa furaha, akaugeuza, akavuta kimoja kinyume, na bangili nzima ikamfumukia mkononi. Hapo hulia, na mama yake hunirudishia mzigo. Anayeanza na penseli mbili hujifunza jambo moja tu: kimpira cha chini ndicho kinachopanda. Akishalishika hilo, ubao hautamsumbua.

Lakini kabla ya penseli, tuzungumze vimpira, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Kuna vile vidogo vya kufungia nywele, vinavyouzwa kwenye vipakiti vya rangi mchanganyiko. Kwa macho utasema ni vilevile. Sivyo. Vya nywele vimetengenezwa kushika ncha ya msuko siku chache kisha vikatwe. Vingi ni vyembamba, na ukivivuta kwa kulabu mara mbili vinakatika. Cha bangili ukikilaza mezani kina upana wa sentimita 1.5 hadi 2 hivi, na unene wake ni uleule kuzunguka kote. Mwombe muuzaji akufungulie kipakiti. Chukua kimoja, kivute mpaka kifike mara tatu ya upana wake, kiachie. Kikirudi kilivyokuwa, lipa. Kikibaki kimelegea, au ukiona upande mmoja umekonda kuliko mwingine, mrudishie pakiti yake uende zako. Muuzaji anayekataa kufungua anajua anachouza.

Vipo vya mpira wa asili na vya silikoni. Vya silikoni bei yake iko juu kidogo, ila havichakai haraka, na vinamfaa mtu ambaye ngozi yake huwashwa na mpira wa asili. Vya mpira wa asili adui yake ni jua na joto, na joto sisi watu wa pwani tunalo la kugawa. Ukiviacha dirishani, baada ya muda utavikuta vimekauka na kufanya nyufa. Mimi navihifadhi kwenye makopo ya maziwa ya unga yenye mifuniko, chini ya meza, kila rangi kopo lake. Kutenganisha rangi ni kazi ya kuchosha, lakini ifanye mwanzoni. Ukiwa katikati ya bangili huku mkono mmoja umeshika penseli, hutaki kuchimba kopo ukitafuta cha kijani.

Haya, penseli. Chukua mbili, zifunge kwa utepe katikati na kipande cha kadibodi kilichokunjwa kati yake, ili ncha zake ziachane kiasi cha kidole. Kama huna penseli tumia vidole vyako, cha shahada na cha kati, ingawa vidole huchoka na damu hugoma kupita.

Kimpira cha kwanza kivishe penseli moja, kisokote kiwe kama nambari 8, halafu kivishe penseli ya pili. Hiki peke yake ndicho kinachosokotwa. Juu yake weka cha pili, bila kusokota, na juu yake tena cha tatu, bila kusokota. Sasa una vitatu vimepandana. Shika kile cha chini kabisa upande wa kulia, kivute nje kidogo, kipandishe juu ya vile viwili vingine na ukitoe kabisa kwenye ncha ya penseli, kiangukie katikati. Fanya hivyohivyo kushoto. Kile cha nambari 8 sasa kimening'inia katikati kikiwa kimevikumbatia vile viwili. Ongeza kimpira kingine juu. Viko vitatu tena. Cha chini kipande, kulia na kushoto. Ongeza. Cha chini kipande.

Ni hivyo tu mpaka mwisho. Kila baada ya vimpira vichache vuta mkia wa chini taratibu ili msuko ukae sawa. Huu mtindo una umbo la mgongo wa samaki na ndio imara kuliko yote nitakayokueleza. Hata kimpira kimoja kikikatika, bangili haifumuki yote papo hapo. Kwa mkono wa mtoto wa darasa la pili au la tatu andaa vimpira 40 hadi 50. Usihesabu sana, pima kwa mkono wenyewe. Ukitaka mistari inayoonekana vizuri, weka rangi mbilimbili: viwili vya kijani, viwili vya njano, na mtoto wa Yanga ametulia. Wa Simba mpe nyekundu na nyeupe. Rangi tano kwa zamu ya kimoja kimoja huonekana vurugu tu, ingawa watoto huzipenda.

Kumaliza: ukishatosheka na urefu, usiongeze tena. Penseli zitakuwa na vimpira viwili. Pandisha cha chini pande zote mbili, kibaki kimoja. Jicho lake la kushoto, yaani kitanzi kilichoshika penseli hiyo, lihamishie kwenye penseli ya kulia, ili macho yote mawili yakae pamoja. Hapo ndipo unapoingiza klipu, ile ya plastiki yenye umbo la S. Upande mmoja wa klipu ushike macho yote mawili, si moja. Upande wa pili ushike kile kimpira cha kwanza kabisa kule mkiani. Klipu zikiisha, mshipi mwembamba wa kuvulia unafaa: pitisha, funga fundo mara tatu, kata ncha karibu. Hauozi hata ukienda nao baharini.

Fuma bangili mbili tatu za namna hiyo. Mkono ukishazoea, sasa njoo kwenye ubao.

Aliyeubuni ni Cheong Choon Ng, mzaliwa wa Malaysia aliyehamia Marekani akawa mhandisi katika kampuni ya Nissan, kazi yake usalama wa magari yanapogongana. Mwaka 2010, nyumbani kwake Michigan, aliwakuta binti zake wawili wakifuma vimpira kwa vidole. Akataka kujiunga nao, vidole vyake vikawa vinene mno. Basi akachukua kipande cha ubao, akachomeka pini, akapata pa kushikizia. Akatia dola 10,000 za akiba ya familia kutengeneza vya kuuza, akaviita Rainbow Loom, vikaingia sokoni 2011. Kufikia 2013 watoto wa Marekani walikuwa wamejaa bangili hadi viwiko, na shule kadhaa zikazipiga marufuku kwa sababu watoto walikuwa wanafuma darasani. Mwaka 2014 ukachaguliwa kuwa kichezeo cha mwaka huko kwao.

Nakueleza haya kwa sababu moja: ubao wa kwanza ulikuwa mbao na pini. Kwa hiyo hata wako unaweza kuwa mbao na misumari, usije ukaambiwa bila plastiki ya kutoka ng'ambo hakuna bangili.

Nenda kwa seremala, omba kipande cha paini chenye urefu wa sentimita 25, upana 7, unene usiopungua 2.5. Mninga utakupindishia misumari. Chora mistari mitatu kwa urefu, ikiachana sentimita 2. Kila mstari utakuwa na vigingi 13, kila kimoja sentimita 1.5 kutoka mwenzake. Vya mistari ya pembeni vilingane, lakini mstari wa kati usogeze nusu hatua upande wako, ili kigingi cha kwanza cha kati kiwe karibu nawe kuliko vile vya pembeni. Bila hiyo nusu hatua hupati mwendo wa zigizaga.

Sasa siri ya kazi. Kigingi cha plastiki cha dukani kina mfereji upande mmoja, na mfereji huo ndio njia ya kulabu kufikia kimpira cha chini. Msumari mmoja hauna mfereji, na utahangaika nao. Kwa hiyo kila kigingi kipigilie misumari miwili, myembamba, ya inchi moja na nusu, iliyo bega kwa bega kwa upana wa ubao, ikiachana milimita 4 hivi. Kulabu inapita katikati yao. Misumari ni 78 jumla. Mpe kijana mwenye subira. Iache itokeze kama sentimita 2, na piga msasa vichwa vyake visikwaruze.

Kulabu yenyewe tumia sindano ya kufumia vitambaa, ile ya chuma yenye unene wa milimita 2 au 3. Ya plastiki inayokuja na kipakiti hupinda.

Tuanze na mnyororo mmoja. Kama una ubao wa dukani, weka ile alama ya mshale itazame mbele, mbali nawe. Midomo ya mifereji nayo itatazama huko. Kimpira cha kwanza kitoke kigingi cha kwanza cha kati kwenda cha kwanza cha kushoto. Cha pili kitoke hicho cha kushoto kwenda cha pili cha kati. Cha tatu kutoka hapo kwenda cha pili cha kushoto. Endelea zigizaga hivyo hadi kigingi cha 13 cha kushoto. Umetumia vimpira 25. Kila kipya kikae juu ya kilichotangulia, na kila unapotandika kisukume kwa kidole kishuke, visije vikaruka.

Geuza ubao, mshale ukutazame wewe. Kimpira cha mwisho kutandikwa sasa ndicho kilicho karibu nawe. Kiache. Nenda kwenye kigingi kinachofuata, chenye vimpira viwili. Ingiza kulabu kwenye mfereji, ishuke NDANI ya kimpira cha juu, ishike cha chini, ukivute kipande kupitia humohumo ndani, kisha ukipeleke mbele kwenye kigingi ambacho mguu wake wa pili umeshakaa. Kimpira kinarudi nyumbani kwake, hakiendi ugenini. Ukikivuta kwa nje ya kile cha juu, hakijashika kitu, na bangili itaachia hapo hapo.

Kigingi kinachofuata utaona kimebeba vingi zaidi: yale macho mawili uliyoyaleta sasa hivi, na chini yake kimpira kingine. Vilevile: ndani ya vyote vya juu, shika cha chini, vuta, peleka mbele. Watoto hapa huanza kukimbia. Waambie wasimame kila baada ya vigingi vitano watazame: ukiona umbo la majani yaliyounganika, uko sawa. Ukiona uzi ulionyooka bila jani, umeruka kimoja, rudi.

Ukifika kigingi cha mwisho, tia klipu kwenye macho yote mawili kwanza, ndipo ung'oe mnyororo mzima ubaoni. Usiogope mlio wake. Upande wa pili wa klipu unaingia kwenye kile kimpira ulichokiacha mwanzo.

Vimpira 25 vinamtosha mtoto. Mtu mzima anahitaji nyongeza: badala ya kutia klipu, ning'iniza macho yale mawili kwenye sindano, ng'oa mnyororo, tandika vimpira vingine 5 au 6 ubaoni, macho ya mnyororo uyavishe kwenye kigingi cha mwisho cha nyongeza, kisha geuza na uvute kama mwanzo. Kikuku cha mguuni ongeza zaidi ya hapo, na usikibane, mguu huvimba jioni.

Mitindo mipana yote, ile yenye nyota na maua, ni kutandika tofauti tu. Kuvuta ni kulekule. Rahisi kati ya hiyo ni kutandika mistari yote mitatu moja kwa moja kama njia tatu za reli, halafu juu yake, kila safu, kimpira kimoja cha pembetatu kinachoshika vigingi vya kushoto, kati na kulia. Cha pembetatu hakivutwi; ndicho kinachozifunga njia tatu pamoja. Ukianza mistari mitatu, hakikisha rangi ya pembetatu ni nyeusi au nyeupe, vinginevyo haitaonekana na utakuwa umejisumbua bure.

Wenye watoto chini ya miaka mitatu, makopo yawe juu ya kabati. Vimpira na klipu ni vidogo na vinamezeka. Marufuku kuvirusha usoni, jicho halina spea. Wala mtoto asilale navyo vidoleni. Na vile vidude vya kuning'iniza, vya plastiki laini yenye sura za wanyama, mimi siviweki kibandani. Mwaka 2014 huko Uingereza baadhi yake vilipimwa vikakutwa na kemikali za kulainisha plastiki, fthaleti, kwa kiwango kilichopita mbali asilimia 0.1 inayoruhusiwa kwenye vichezeo. Anayetaka pambo la kuning'iniza, namchomekea ushanga: pitisha kimpira kwenye tundu la ushanga kwa msaada wa waya mwembamba uliokunjwa, kisha kitandike kama kawaida, kila baada ya vitano. Tundu liwe pana. Ushanga wa kiunoni tundu lake ni dogo mno, utavunja sindano na ushanga pamoja.