Somo: Kuyapa maji zamu kwenye tangi la matumbawe

Wengi wakiona matumbawe yamenywea hukimbilia kuongeza pampu. Mara nyingi nguvu ipo, ila maji yanapiga upande uleule usiku na mchana. Upande unaopigwa nyama inachubuka hadi mfupa mweupe unaonekana. Upande wa nyuma uchafu unatuama. Tumbawe halitembei kufuata chakula, linaletewa na maji, na baharini maji hayaji upande mmoja tu.

Mfano wetu ni tangi la sentimita 100 × 40 × 50, lita 200 likijaa.

Hatua ya 1. Nunua pampu mbili ndogo badala ya moja kubwa. Tuseme kila moja ni ya lita 3,000 kwa saa: moja ikiwaka ni mara 15 ya ujazo wa tangi, inatosha matumbawe laini, zote mbili ni mara 30. Matumbawe magumu ya matawi, kama Acropora, yatataka mara 40 au zaidi. Chagua zenye mdomo mpana, maana mdomo mwembamba hutoa mkondo unaochoma kama sindano.

Hatua ya 2. Moja ikae kioo cha kushoto, nyingine cha kulia, zote kwa nyuma, theluthi ya juu. Usilenge tumbawe lolote. Ya kushoto ilenge kioo cha mbele: maji yakigonga kioo hutawanyika ovyo, na huo uovyo ndio tunaoutafuta. Ya kulia iinue mdomo kidogo mpaka uso wa maji uchezecheze. Hilo kwetu si pambo, maana uso unaochezacheza ndio unaoingiza oksijeni majini. Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu ya bahari, na kwa joto lilelile maji hushika oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko Tanga.

Hatua ya 3. Taima mbili za soketi, zile za vipini vya dakika 15. Kushoto: saa 12 asubuhi hadi 7 mchana, kisha saa 12 jioni hadi 7 usiku. Kulia: saa 6 mchana hadi 1 usiku, kisha saa 6 usiku hadi 1 asubuhi. Ni kupwa na kujaa, na ile saa moja zinapokutana ndiyo inayofukua uchafu wa pembeni. Zamu za sekunde waachie wenye pampu za DC (umeme mnyoofu) na kidhibiti chake; pampu ya kawaida ikizimwa na kuwashwa kila mara rota (sehemu inayozunguka ndani) inagonga mpaka inakufa.

Hatua ya 4. Jaza chakula laini kwenye bomba la sindano, kisukume nyuma ya mawe, tazama. Kikizubaa hapo zaidi ya sekunde kumi, sogeza pampu sentimita mbili urudie. Mikono ya tumbawe iyumbe, itulie, iyumbe tena. Ikilala upande mmoja muda wote, umezidisha.

Kila miezi miwili loweka pampu kwenye siki na maji nusu kwa nusu kwa muda wa saa moja, kisha mswaki. Chokaa ikijaa, zile lita 3,000 zinabaki kwenye boksi tu.

MASWALI

Sakina: Umeme ukikatika, tangi la chini (la kuchujia maji) linafurika sakafuni. Kwa nini?
Jibu: Bomba la kurudishia maji tangi la juu linanyonya kinyume. Kwenye tangi hili kila sentimita ya kina ni lita 4. Mdomo ukiwa sentimita 10 chini, lita 40 zinashuka. Toboa tundu la milimita 5 kwenye bomba, sentimita 2 chini ya uso wa maji, na ulisugue lisizibwe na mwani.

Moshi: Wakuu, nikifunga tii (kiungo chenye umbo la T) kwenye bomba la kurudishia, si nitapata pande mbili?
Jibu: Tii inagawa maji, haiyapi zamu. Utapata mikondo miwili dhaifu isiyobadilika. Iache hiyo iwake muda wote, ongeza pampu moja ya taima.

Njiro: Anemoni wangu (mnyama laini wa mikono mingi) amenyonywa na pampu.
Jibu: Zima kwanza, usimvute. Mtoe pamoja na pampu ndani ya ndoo ya maji ya tangi, ufungue kifuniko taratibu. Akikatika, ondoa vipande na ubadilishe robo ya maji siku hiyohiyo. Kisha vika pampu sponji, uioshe kila baada ya siku tatu.