Jinsi ya Kuchunguza Wizi wa Majumbani
Kabla ya kupendekeza taa au walinzi, kusanya kumbukumbu za matukio ya mwaka mzima, uandike saa, mahali alipoingilia mwizi na kilichoibwa. Kisha zitenge nyumba zilizoibiwa zaidi ya mara moja, kwa kuwa nyumba iliyokwisha kuvunjwa huwa katika hatari kubwa ya kuvunjwa tena, hasa wiki za mwanzo. Huko Kirkholt, Uingereza, miaka ya 1980, watafiti waligundua kuwa wezi walivutiwa na sarafu zilizokuwamo ndani ya mita za majumbani, yaani mita za gesi na umeme zilizolipiwa kwa kutumbukiza sarafu. Mita zikaondolewa, majirani wakaombwa kuiangalia nyumba iliyoibiwa, na wizi ukapungua sana. Kuwalaumu vijana wa kijiweni ni rahisi. Chunguza kwanza ni saa ngapi mali hubaki bila mwangalizi.