Habari ya gemu ikitoka: venye ya kutoa maoni makali na yakasimama

Wasee wa Kisumu, tuongee. Kampuni ikitangaza kitu leo usiku, kesho asubuhi kutoka Kondele hadi Nyalenda kila mtu kwa kibanda cha PS ashaamua nani mjinga, na wengi wamesoma kichwa cha habari tu. Mimi napenda maoni makali na sitaki mtu apoe, lakini ukibisha na kitu hujasoma, msee mmoja tu mwenye amesoma anakumaliza mbele ya watu wote.

Anza na tangazo lenyewe. Achana na ile video ya jamaa amefungua mdomo na mshale mwekundu kwa picha, hiyo utaiona baadaye ukitaka. Enda kwa ukurasa wa kampuni, ama orodha ya mabadiliko ya apdeti, ama masharti, usome polepole ukitafuta nani anaguswa, kuanzia lini, ni pesa ngapi, na kama gemu zenye zishatoka zimo ndani ama ni mpya pekee. Hilo la mwisho watu huliruka sana na mara nyingi ndio moto wenyewe uko hapo.

Angalia ile ya Unity, programu yenye madevelopa wengi hutengenezea gemu. Tarehe 12 Septemba 2023 walisema wataanza kutoza ada kila gemu ikiinstoliwa, hadi senti 20 za dola, kuanzia Januari 2024. Watu wakapiga nduru ati kila developa mdogo amekwisha. Lakini ukisoma, kwa wale wa leseni ya bure ada ilikuwa inaanza gemu ikishaingiza dola 200,000 kwa mwaka na ishainstoliwa mara 200,000, kwa hivyo kijana anatengeneza gemu yake ya kwanza hapa Milimani hangeguswa na hiyo bili. Sasa, hii haimaanishi hasira ilikuwa bure. Hasira ilikuwa halali kabisa, juu walikuwa wanabadilisha mkataba kwa gemu zishatoka, mtu alichagua hiyo programu na bei ingine kabisa halafu unamletea mpya akishamaliza kazi. Mwenye alisema "hii ni kuvunja makubaliano" alikuwa na hoja, mwenye alisema "wadogo wote wamefilisika" alinyamazishwa na nambari. Na Septemba 2024 Unity wenyewe waliifuta hiyo ada.

Ukishaelewa tangazo, lilete nyumbani. Hapa ndio maoni yetu yanaeza kuwa na uzito kuliko ya mtu wa California, juu kuna vitu yeye haoni hata akitaka. Helldivers 2, gemu ya kupiga risasi yenye Sony walitoa, ni mfano naupenda sana. Ilitoka Februari 2024, ikauzwa vizuri kwa Steam, duka la gemu za PC, halafu Mei Sony wakasema wa PC wote lazima waunganishe akaunti ya PSN, ule mtandao wa PlayStation. Mtu wa Marekani akiskia hivyo anaona ni usumbufu wa dakika mbili, afungue akaunti aendelee. Lakini PSN haiko rasmi Kenya! Afrika kusini mwa Sahara ni Afrika Kusini pekee. Wale wote tuko na PlayStation huku tunatumia akaunti za Uingereza ama Marekani, na masharti yanasema uandike nchi yako ya ukweli, so walikuwa wanakulazimisha ufungue kitu chenye kwa sheria zao hufai kuwa nacho ndio ucheze gemu ushalipia. Gemu ikaondolewa sokoni kwa nchi zaidi ya 170, rivyu mbaya zikapita 200,000, na tarehe 6 Mei wakarudi nyuma. Hiyo hoja ya nchi ndio iliwabana, na ni hoja yenye ingetoka vizuri zaidi kwa mtu wa huku. Kwa hivyo kila habari uliza: seva ziko wapi, akaunti ya Kenya inakubaliwa, naeza kulipa aje, na ni GB ngapi. Gemu ya GB 100 kwa neti ya Mbps 10 ni kama saa 22 za kudaunlodi bila stima kupotea, sasa mtu akisema "apdeti ni ya bure" mwambie bando si ya bure.

Hata Windows ni hivyo hivyo. Microsoft walimaliza sapoti ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na prosesa kama ni ya Intel iwe kuanzia jenereshoni ya 8. Laptop nyingi za ex-UK, zile zishatumika Uingereza, zenye vijana wananunua hapa na Nakuru ni za jenereshoni ya 4 hadi 6. Mashine inafanya kazi fiti kabisa na inaambiwa imezeeka. Mimi naona hiyo si haki na nitasema hivyo popote, na wewe ukikubali ama ukikataa sema ukiwa umejua hiyo laptop yako ni jenereshoni gani.

Trela na nambari za matangazo, pita nazo haraka. Januari 2025 NVIDIA, wale wa kadi za grafiksi, walisema kadi yao ya RTX 5070 ya dola 549 ina nguvu ya RTX 4090, kadi yao kubwa ya awali, na hiyo ilitegemea fremu, yaani picha za gemu, zenye zinatengenezwa na AI, so uliza kila mara nambari imepimwa aje. Tarehe pia. Trela ya kwanza ya gemu ya GTA VI ilisema itatoka 2025, ikasongeshwa hadi 26 Mei 2026, halafu 19 Novemba 2026. Ukiandika tarehe, andika pia siku walitangaza.

Sasa ukifika kuandika, shika hoja moja. Usichanganye bei, grafiksi na tabia ya mkurugenzi kwa sentensi moja, utajibiwa ile nyepesi na ile nzito iachwe. Laumu mwenye aliamua. Yule dada ama kaka anajibu maswali kwa ukurasa wa gemu hakukaa kwa mkutano wenye ada iliamuliwa, na kumtusi ni uonevu, hapo mimi siko na wewe hata kama hoja yako ni tamu. Halafu ongeza kitu kimoja chenye kikibadilishwa utaridhika, mfano "ondoeni lazima ya akaunti kwa nchi zenye haiko". Kampuni inaeza kujibu hiyo.

Matangazo mengi makubwa ya Marekani hutoka saa nne asubuhi yao ya Pasifiki, huku ni saa mbili usiku, ama saa tatu wakishabadilisha saa zao za baridi. Soma usiku, andika asubuhi. Na kampuni ikirudi nyuma usifute posti yako ya kwanza, ongeza tu juu yake tarehe na chenye kimebadilika, halafu pitia hiyo taarifa mpya ukitafuta "kwa sasa", juu hilo neno linawaachia mlango wa kurudisha kitu baadaye. Ukiipata, piga skrinshoti uweke.